Waraka ni Nusu ya Kuonana

Wahenga walisema, Waraka ni nusu ya kuonana. Methali hii mmeisikia mara nyingi, na labda mmekwisha kuiandika katika daftari zenu. Katika somo hili tutaipima kwa habari za watu wa nchi nyingine, ambao kwa muda wa miaka mia na zaidi wengi wao hawakuwaona watoto wao tena ila kwa waraka tu. Tutatazama ile nusu waliyoipata, kisha tutatazama na ile nusu waliyoikosa.

1. Kisiwa cha Ayalandi

Fungueni ramani ya Ulaya. Upande wa magharibi wa Uingereza mtaona kisiwa kingine, nacho ni Ayalandi. Mbele yake hakuna nchi tena, ila bahari kuu ya Atlantiki, na ng'ambo ya bahari hiyo ni Amerika. Tangu mwaka 1801 hata mwaka 1922 kisiwa chote kilitawaliwa na Uingereza. Leo sehemu kubwa yake ni jamhuri yenye kujitawala, na sehemu ya kaskazini ingali katika Ufalme wa Uingereza. Watu wa kisiwa hiki huitwa Waairishi.

Yapata miaka mia mbili iliyopita Waairishi wengi walikuwa wakulima maskini. Ardhi haikuwa mali yao. Walikodi vipande vidogo, wakamlipa mwenye ardhi kodi yake. Nafaka na nguruwe viliuzwa ili kodi ipatikane, na chakula chao wenyewe kilikuwa viazi mviringo. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa viazi, uletwao na viumbe vidogo mno vifananavyo na kuvu. Majani yaligeuka meusi, na viazi vikaoza ardhini. Mwaka wa pili ugonjwa ukarudi kwa nguvu kuliko kwanza. Njaa ikaenea, na pamoja na njaa ikaja homa. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilionyesha watu zaidi ya milioni 8. Ile ya mwaka 1851 ilionyesha milioni 6 na nusu tu.

Njaa ilikoma, walakini kuhama hakukukoma. Zamani baba aliweza kuwagawia wanawe wote shamba lake, kila mmoja kipande. Baada ya njaa watu waliogopa kugawa tena, maana waliona jinsi vipande vidogo visivyoweza kumwokoa mtu. Basi shamba likarithiwa na mtoto mmoja peke yake. Labda binti mmoja akaolewa, na huko ni baba wa binti aliyetoa mali ya ndoa, wala si mume. Waliosalia hawakuwa na shamba wala mali, wakatazama baharini. Tangu mwaka 1820 hata mwaka 1930 Waairishi wapatao milioni 4 na nusu walifika Marekani. Wengi walikuwa vijana ambao hawajaoa wala kuolewa, na wasichana walikaribia kuwa sawa na wavulana kwa idadi. Hata ilipofika mwaka 1890, katika kila watu watano waliozaliwa Ayalandi na ambao walikuwa hai, wawili walikaa nje ya nchi yao.

2. Mkesha wa kuagana

Katika siku zile za kwanza kijana aliyepanda merikebu hakutazamiwa kurudi. Safari ya tanga ilichukua majuma matano au sita, pengine na zaidi, na wengi walikufa njiani kwa homa. Katika mwaka 1847 peke yake watu zaidi ya 5,000 walizikwa katika kisiwa kidogo cha Grosse Île, nchi ya Kanada, mahali ambapo merikebu za wahamaji zilisimamishwa ili wagonjwa watengwe.

Kwa hiyo mzazi alimwaga mtoto wake kama mtu aagaye maiti. Desturi ya Waairishi ilikuwa kukesha na maiti kabla ya kuzika. Basi usiku wa mwisho wa msafiri nao wakauita mkesha wa Marekani. Majirani walikusanyika nyumbani. Walikula na kunywa kwa kadiri ya uwezo wa wenyeji, vijana wakacheza, wazee wakasimulia habari za zamani. Karibu na alfajiri furaha iligeuka kuwa kilio. Katika sehemu nyingine za nchi mama alimwimbia mtoto wake yale maombolezo waliyoimbiwa wafu, na mtoto yu hai, ameketi mbele yake, anasikia. Kulipopambazuka walimsindikiza hata mahali palipozoewa, penye daraja au njia panda, wakasimama wakimtazama mpaka haonekani tena.

Katika lugha yetu neno matanga lina maana mbili: kuna matanga ya chombo, na kuna matanga ya msiba. Kwa wazazi wale maana hizo mbili zilikuwa ni siku moja.

Lakini palikuwa na jambo moja lililotenga mkesha huu na msiba wa kweli. Aliyekufa haandiki, na aliyekwenda Marekani aweza kuandika. Hilo ndilo agizo la mwisho alilopewa kila msafiri, kwamba asiache kuleta barua. Naye aliahidi.

3. Njia ya barua na bei yake

Bandari kubwa ya kuondokea ilikuwa Queenstown, karibu na mji wa Cork, upande wa kusini. Siku hizi bandari hiyo huitwa Cobh. Meli za moshi zilizokwenda Amerika zilipita hapo kupakia mifuko ya posta iliyoletwa kwa gari la moshi, na mara nyingi zilitia nanga nje, nazo meli ndogo zikapeleka watu na mifuko. Hivi mtoto na barua walipita mlango mmoja: mtoto akitoka, barua yake ikiingia.

Meli za moshi zilipoenea, safari ya majuma sita ilipungua ikawa ya siku kumi hivi, na baadaye pungufu ya hapo. Barua nazo zikaenda mbio vile vile. Lakini mbio si kitu kwa mtu asiyeweza kulipa. Katika miaka ya 1850 barua nyepesi ya kuvuka Atlantiki ililipiwa shilingi moja, yaani peni 12, na vibarua wengi wa mashamba ya Ayalandi hawakupata shilingi kwa kazi ya siku nzima. Tazameni jinsi bei ilivyoshuka. Mwaka 1868 ikawa peni 6. Mwaka 1870 ikawa peni 3. Mwaka 1874 wajumbe wa nchi nyingi walikutana katika mji wa Bern, nchi ya Uswisi, wakafanya umoja wa posta wa mataifa, na mwaka uliofuata bei ikawa peni 2 na nusu. Na tangu tarehe 1 Oktoba 1908 barua ya kutoka Ayalandi kwenda Marekani ilikwenda kwa peni moja tu. Mambo haya ya ofisini huonekana makavu, walakini kila peni iliyopunguzwa ilimfanya mama fulani aandike mara nyingine.

Palikuwa na njia nyingine iliyopita mbio zote za meli. Mwaka 1866 meli kubwa iitwayo Great Eastern ilitandika waya wa simu chini ya bahari, kutoka kisiwa cha Valentia katika jimbo la Kerry hata Newfoundland. Tangu siku hiyo habari ilivuka bahari kwa dakika chache. Jimbo la Kerry lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotoa wahamaji wengi, na waya ulianza katika ardhi yao wenyewe. Lakini mwanzoni bei ya simu ilikuwa pauni 20 kwa maneno 20. Fedha hizo zilipita nauli ya mtu mzima kwenda Amerika. Simu ikawatumikia wafanya biashara na serikali, na maskini wa Kerry wakaendelea kungojea karatasi.

4. Jinsi barua ilivyosomwa

Huko vijijini iliitwa barua ya Marekani, na kila mtu alijua maana yake. Ilipofika posta habari ilienea kabla haijafunguliwa. Jioni majirani waliingia mmoja mmoja, wakaketi karibu na moto. Barua haikuwa ya mtu mmoja, kwani ndani yake mlikuwa na salamu za wengi, na habari za binamu, na za mtoto wa jirani aliyeonekana Boston au New York.

Mara nyingi wenye barua hawakuweza kuisoma. Katika sehemu za magharibi wazee wengi walijua Kiairishi tu, lugha ya wazazi wao, na hawakupata kusoma shule. Watoto walisoma katika shule za taifa, zilizoanzishwa mwaka 1831, na mafundisho yake yalikuwa kwa Kiingereza. Basi mtoto aliyekwenda Marekani aliandika kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha aliyofundishwa kuandika. Ilipofika kwao ilimpasa mtoto mdogo wa nyumbani, au mwalimu, au padre, aisome na kuieleza kwa Kiairishi. Neno la mwana halikumfikia mama yake ila kwa kinywa cha mtu mwingine, tena katika lugha nyingine. Kama mlikuwa na neno la siri, msomaji alilijua kabla ya mama.

Mwanzo wa barua ulikuwa karibu mmoja katika zote: mwandishi asema kwamba ameshika kalamu kuandika mistari michache, kwamba yeye ni mzima, na kwamba atumaini barua itawakuta wazazi katika afya njema. Ninyi mnaijua salamu hii, maana hata sisi twaandika, Mimi ni mzima, hofu ni kwenu. Msiyadharau maneno hayo kwa kuwa yamezoeleka. Kwa mama aliyengojea miezi mitatu, neno la kwanza lililotakiwa ni hilo tu, kwamba mtoto yu hai.

Baadaye zilifuata habari za kazi. Wavulana walichimba mifereji, walitandika reli, walifanya kazi za migodi na viwanda. Wasichana wengi walikuwa watumishi katika nyumba za matajiri, wakapika, wakafua, wakalea watoto wa watu. Wengi waliandika kwa mshangao kwamba huko nyama huliwa siku nyingi za juma. Lakini wengi vile vile waliacha mambo mengi bila kuyaandika. Hawakuandika habari za vyumba vyenye giza walivyolala watu sita au wanane, wala za ugonjwa, wala za kufukuzwa kazini. Walipopigwa picha walivaa nguo nzuri kuliko zote walizokuwa nazo. Picha hiyo ilitundikwa ukutani, mama akaitazama, akasema mwanangu amefanikiwa. Je, mwana alisema uwongo? Alitaka kumpunguzia mama yake huzuni. Lakini mdogo wake naye aliitazama picha ile ile, akaanza kuhesabu miaka iliyobaki hata aondoke yeye.

5. Fedha ndani ya barua

Katika barua nyingi, hasa zilizofika karibu na Krismasi, mlikuwa na hawala ya fedha. Kijana alikwenda benki au kwa wakala wa meli huko Marekani, akatoa dola zake, akapewa karatasi. Karatasi ile ikatiwa katika bahasha, na wazazi wakaipeleka mjini kubadili kuwa pauni na shilingi. Katika New York Waairishi wenyewe walikuwa na chama cha kuwasaidia wahamaji, kilichoanzishwa mwaka 1841, na mwaka 1850 watu wa chama hicho wakafungua benki ya akiba iitwayo Emigrant Industrial Savings Bank. Hapo mtumishi wa nyumba aliweza kuweka dola zake chache na kupeleka nyingine kwao. Vitabu vya benki hiyo vimehifadhiwa hata leo katika maktaba kubwa ya New York.

Kiasi cha fedha kilichopelekwa kilistaajabisha hata serikali. Katika mwaka 1850, ambapo nchi haijatoka bado katika mateso ya njaa, fedha zilizojulikana kwamba zimepelekwa na wahamaji kutoka Amerika ya Kaskazini zilikaribia pauni milioni moja. Wala si matajiri waliozitoa, bali wachimbaji na watumishi, shilingi kwa shilingi. Wasichana walisifiwa kuliko wavulana kwa kutowasahau wazazi.

Fedha hizo zilifanya nini? Kwanza zililipa kodi ya shamba, ili wazazi wasifukuzwe. Pili zililipa deni la dukani. Na tatu, mara nyingi sana, zililipa nauli ya mtoto mwingine. Pengine mtoto hakuleta fedha ila tikiti yenyewe, iliyokwisha kulipiwa huko Marekani, yenye jina la ndugu yake. Dada mkubwa alimwita wa pili, wa pili akamwita wa tatu, na kila mmoja alipofika alikuta pa kulala na kazi ya kuanzia.

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Barua iliyowalisha wazazi ndiyo iliyowachukua watoto wao. Mama aliyefungua bahasha akakuta hawala alishukuru. Aliyefungua akakuta tikiti alijua kwamba mkesha mwingine umekaribia. Naye hakuweza kukataa, maana hakuwa na shamba la kumpa mtoto huyo.

Wakati mwingine mambo yaligeuka, wazazi wakatangulia na watoto wakafuata. Tarehe 1 Januari 1892 serikali ya Marekani ilifungua kituo kipya cha kupokea wageni katika kisiwa cha Ellis, bandarini New York. Mgeni wa kwanza kuandikwa alikuwa Annie Moore, msichana wa Cork mwenye miaka 17, aliyetoka Queenstown katika meli Nevada pamoja na wadogo zake wawili wa kiume. Wazazi wao walikuwa wamekwisha kutangulia New York, na sasa walikuwa wakiwangojea. Msichana alipewa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Leo sanamu yake iko katika kisiwa cha Ellis, na nyingine iko Cobh, akiwa na wadogo zake. Familia hiyo ilipata nusu zote mbili za methali yetu. Familia nyingi hazikuzipata.

6. Barua isipokuja

Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu. Waliokwenda Marekani walijitahidi kuivunja methali hiyo kwa barua zao. Lakini si wote walioweza, na si wote waliotaka.

Kijana aliyejenga reli alihama kila miezi michache pamoja na kazi. Barua ya nyumbani ilimfuata mji hata mji, mpaka ikapotea. Mwingine alikufa katika kambi pasipo mtu ajuaye kwao ni wapi. Mwingine hakujua kuandika, naye aliona haya kumwomba mwenzake kila mara. Na mwingine alikosa fedha ya kupeleka. Akaona heri anyamaze kuliko kuleta bahasha tupu. Huyu wa mwisho alikosa sana. Yeye alidhani kwamba wazazi wangojea fedha, kumbe wazazi wangojea habari.

Watu walipokosa habari walikuwa na njia moja iliyobaki. Katika mji wa Boston lilikuwako gazeti la Waairishi liitwalo The Pilot. Tangu mwaka 1831 hata mwaka 1921 gazeti hilo lilipiga chapa matangazo ya watu waliopotea. Kila tangazo lilitaja jina la anayetafutwa, parokia na jimbo alikozaliwa, mwaka alioondoka, pengine jina la merikebu, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Waliotangaza walikuwa ndugu, au wake waliowafuata waume wao wasiwakute, au wazazi waliokuwa Ayalandi. Matangazo hayo ni makumi ya maelfu, na wataalamu wa Chuo cha Boston wameyakusanya ili watu wa leo wayasome. Ukiyasoma waona kwamba mara nyingi miaka mingi imekwisha kupita, na bado mtu aulizwa.

Fikirini tofauti yake na msiba. Aliyefiwa huzika, hulia, na baada ya siku matanga huondolewa. Aliyekosa barua hawezi kuzika wala hawezi kufurahi. Kila mpeleka barua apitapo, moyo wake huinuka tena na kuanguka tena.

7. Mwalimu wa Kilkelly

Katika jimbo la Mayo, magharibi ya Ayalandi, kuna kijiji kiitwacho Kilkelly. Katika karne ya 19 kijana mmoja wa huko, jina lake John Hunt, alihamia Marekani. Baba yake hakujua kuandika. Lakini palikuwa na mwalimu wa shule, Patrick McNamara, naye aliketi na mzee, akasikiliza, akaandika. Alifanya kazi hiyo si mwaka mmoja wala miwili, bali kwa miaka ipatayo thelathini.

Barua zenyewe zilihifadhiwa Marekani. Baada ya miaka mia hivi mmoja wa uzao wa John Hunt, Peter Jones, alizikuta kwa wazazi wake, zimewekwa darini. Akatunga wimbo kutokana nazo, uitwao kwa jina la kijiji, nao umeimbwa mahali pengi duniani. Habari zake ni zile za nyumba yo yote: ndugu wameoa, watoto wamezaliwa, viazi vimeharibika, mama amefariki, baba amezeeka naye auliza kama mwanawe atarudi. Na barua ya mwisho si ya baba tena, maana yaleta habari ya kifo chake.

Mwalimu huyo hakuwa mtu mkubwa. Hakutunga kitabu, wala hakuvumbua nchi. Lakini kama asingekubali kuazima mkono wake, mzee yule angekuwa bubu mbele ya mwanawe kwa miaka thelathini, na sisi tusingejua lo lote. Wanafunzi, ninyi mnaojua kusoma na kuandika, mmepewa mkono ambao wazee wengine hawakupewa. Bibi akikuomba umwandikie barua, usiifupishe kwa kuwa jua linakuchwa na wenzako wanacheza. Andika alivyosema.

8. Nusu ya pili

Tangu mwaka 1945 ndege za abiria zilizovuka Atlantiki kwa ratiba zilitua Shannon, magharibi ya Ayalandi. Waliozeeka Marekani waliweza kuja kuzuru. Baadaye simu za sauti ziliingia vijijini, na siku hizi mzazi aliye Mayo aweza kumtazama mjukuu wake aliye Boston katika kioo cha simu, wakaongea bila kulipa hata peni kwa neno. Watu wa Ayalandi wamehama tena katika vizazi vya karibuni, hasa miaka ya 1980 na baada ya mwaka 2008, lakini hakuna tena aimbiwaye maombolezo akiwa hai.

Hata hivyo barua za zamani hazikutupwa. Mwaka 1955 tume iliyokusanya mapokeo ya Ayalandi iliwauliza wazee wa vijijini habari za mikesha na za barua za Marekani, nao walizikumbuka vizuri. Mtaalamu mmoja wa historia, Kerby Miller, alitumia miaka mingi akikusanya maelfu ya barua kutoka kwa watu waliozirithi, na mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Galway kilizifungua kwa watu wote kuzisoma kwa njia ya intaneti. Karatasi zilizofichwa masandukuni na chini ya mito ya kulalia sasa zasomwa na dunia nzima.

Basi tumeipima methali yetu. Waraka ni nusu ya kuonana. Kwa nusu hiyo wazazi wa Ayalandi walilipa kodi, walijua majina ya wajukuu wao, na walikufa wakijua kwamba hawakusahauliwa. Nusu ya pili, yaani uso wa mtoto na sauti yake, wengi hawakuipata hata mara moja tangu asubuhi ile ya njia panda. Methali haikusema kwamba waraka ni kuonana. Lakini mtu mwenye nusu na mtu asiye na kitu si sawa, na yule aliyeweza kuwapa wazazi wake nusu akawanyima aliwanyima kitu kikubwa.

Maswali

1. Eleza kwa nini watu waliendelea kuhama Ayalandi hata baada ya njaa kwisha.
2. Kwa nini usiku wa kuagana uliitwa mkesha?
3. Mwaka 1850 bei ya barua ilikuwa peni 12, na mwaka 1908 ikawa peni 1. Mtu aliyekuwa na shilingi 2 aliweza kupeleka barua ngapi katika mwaka wa kwanza, na ngapi katika mwaka wa pili?
4. Waya wa simu ulianza katika jimbo la Kerry. Kwa nini haukuwafaa maskini wa jimbo hilo?
5. Eleza maana ya maneno haya: "Barua iliyowalisha wazazi ndiyo iliyowachukua watoto wao."
6. Taja sababu tatu zilizofanya barua zisifike. Ipi kati ya hizo ilikuwa kosa la mwandishi?
7. Je, yafaa mwana aliye mbali awafiche wazazi taabu zake? Toa sababu zako.
8. Kazi ya kuandika: Mtafute mzee wa karibu nawe aliye na mtoto au ndugu aliye mbali. Mwulize angependa kumwambia nini, kisha umwandikie barua hiyo kwa maneno yake mwenyewe. Msomee kabla ya kuifunga.